Mgonjwa Mai Mahiu, Tabibu Nairobi



Tungali twaikumbuka Aprili ya mwaka 2020. Tarehe 8, saa moja ya usiku, Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa kwa ajili ya korona, na siku mbili kabla yake Nairobi na viunga vyake ilikuwa imekwisha kufungwa. Yaliyotupata sisi twayajua. Ya wenzetu wa bara huenda hatukuyatia maanani. Kizuizi cha Nairobi kilijumuisha Rironi, pale njia ya Mai Mahiu inapoachana na barabara kuu kuelekea Bonde la Ufa. Mai Mahiu, mji ambao madereva wetu wa malori wanaujua kama waijuavyo Changamwe, ukabaki nje ya uzio, na hospitali kubwa za Nairobi zikabaki ndani, hadi tarehe 7 Julai. Kontena lilipita, mgonjwa alihitaji kibali.

Mama mmoja aliyeolewa huko ameniandikia juu ya wifi yake mwenye saratani ya damu. Siku zile wauguzi walimfuatilia kwa simu, na wangali wakifanya hivyo. Swali lake ni hili: je, yafaa mwanamke kueleza mambo ya mwili wake simuni, kwa mtu asiyemwona uso?

Kabla ya kujibu, tuelewe uzito wa jambo. Saratani za damu ni nyingi. Nitataja moja, lukemia sugu ambayo madaktari huifupisha CML. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kujulikana kwa jina la Glivec, iliyageuza maradhi hayo yakawa ya kuishi nayo, kwa sharti kwamba mtu anywe kidonge kila siku bila kukatiza. Hapa Kenya wasio na uwezo waliipata bure kupitia mpango wa Max Foundation na kampuni ya Novartis, na kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa Nairobi Hospital. Basi mtu wa Lamu na mtu wa Mai Mahiu wote walifunga safari ya Nairobi.

Na safari yenyewe ilikuwa na hatari. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya habari za wagonjwa 3,377 wa saratani za damu walioambukizwa korona, wengi wao wakiwa wamelazwa, ulikuta kwamba kati ya watu wazima 34 katika kila 100 walifariki. Kukaa bila kuonwa ni hatari, na kupanda matatu iliyojaa ni hatari. Ndipo simu ikawa kliniki.

Utaratibu wake si wa ajabu. Mgonjwa huulizwa maswali yaleyale kila siku au kila juma, kwa programu ya simu, kwa ujumbe mfupi, au kwa sauti ya muuguzi: una homa? umetapika? damu inakutoka wapi? Jibu baya humfikia muuguzi mara moja. Kule New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, wagonjwa 766 wa saratani zilizoenea mwilini, ingawa si za damu, walijaribiwa hivyo kabla ya korona. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa walioripoti hali zao kwa njia hiyo waliishi kwa wastani wa kati miezi 31, na waliofuata desturi ya kawaida miezi 26. Miezi mitano, kwa kuulizwa na kujibu tu.

Lakini jibu liwe la kweli, na hapa ndipo pana ugumu kwetu. Sisi tumelelewa kuulizwa "hujambo" na kujibu "sijambo" hata kama mtu hawezi kuinuka kitandani. Ni adabu njema mlangoni. Kwa muuguzi wa saratani ni kumpa habari isiyo ya kweli, naye ataiandika kama ulivyosema, kisha atampigia mgonjwa mwingine. Kumweleza tabibu maumivu si kulalamikia kadari. Mshukuru Mola kwanza, kisha utaje homa.

Na homa msiichezee. Anayetibiwa kwa dawa kali za saratani huenda akapungukiwa na chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na kipimajoto kikifika nyuzi 38 hiyo ni dharura ya saa ileile, hata iwe usiku wa manane. Msimpe Panadol kwanza ili "tuone kutakucha vipi," kwani huficha homa na maradhi yakaendelea chini kwa chini. Pimeni, pigeni simu, ondokeni.

Sasa swali la mama yetu. Chembe zinazogandisha damu zikipungua, mwanamke huweza kutokwa na hedhi nyingi kupita kawaida, na muuguzi lazima aulize. Iwapo simu ya nyumba ni moja, nayo i mkononi mwa mume au mtoto wa kiume, yule bibi atajibu "niko salama," na damu iendelee kumtoka. Jawabu langu: yafaa aeleze, tena ni wajibu wake pale uhai unapohofiwa. Aombe kuzungumza na muuguzi mwanamke, aghalabu wapo. Hata mulika mwizi yatosha kwa mazungumzo, maadamu ni yake mwenyewe. Nyinyi waume, mkeo akipigiwa, mpe simu na utoke chumbani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini sheria haiingii chumbani. Huko mlinzi ni wewe.

Wala simu haihesabu chembe za damu. Sindano iko palepale, ila si lazima ichomwe Nairobi: hospitali ya serikali ya Naivasha iko karibu, na karatasi ya majibu hupigwa picha ikatumwa kwa tabibu. Jambo hili halikuisha na korona. Tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yaliishukia Mai Mahiu usiku, yakaua makumi ya watu na kuharibu njia.

Liko na la Ramadhani. Imatinib hunywewa pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji, na wengi huinywa mara moja kwa siku, kwa hiyo yawezekana daktari akaihamishia wakati wa futari. Yawezekana pia akakataza saumu, na hapo mgonjwa ana ruhusa yake, asione haya. Swali hilo nalo litumwe kwa simu, na litumwe mwezi wa Shaaban, si usiku wa kuandama mwezi.