Takwimu za Afya Zisidharauliwe

Kila matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo, wazazi huwashinikiza watoto waliofuzu hesabu na bayolojia wasomee udaktari. Anayechagua bayostatistiki, yaani takwimu za afya, huulizwa iwapo amekosa kozi.

Wanaouliza hivyo na wakumbuke chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika mataifa 7 ya Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Siaya na Kombewa. Malaria hupungua mvua ikikosekana, hupungua pia watu wakilala ndani ya vyandarua. Ni nani basi angejua kwamba chanjo ndiyo iliyofanya kazi? Ni watakwimu wanaokokotoa idadi ya watoto wanaohitajika, wakawagawa kwa kura ili wengine wapewe chanjo nyingine ya kulinganishia, kisha wakapima tofauti. Miongoni mwa waliopata dozi 4 wakianzia umri wa miezi 5 hadi 17, visa vilipungua kwa takriban asilimia 36. Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kazi zipo: katika taasisi za utafiti kama KEMRI, wizarani, kwenye kampuni za dawa na hata za bima, ingawa aghalabu shahada ya pili huhitajika. Hata hivyo, vyuo visiwafungie wanafunzi hawa darasani wakikariri kanuni. Wapelekwe zahanati wakaone jinsi muuguzi aliyechoka anavyojaza daftari. Nazo serikali za kaunti ziwaajiri. Madaftari hayo yanaozea rafuni.