Plastiki ya Pwani Imetangulia Kuzeeka

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zilifungua kwa mshangao uleule: imekuwaje plastiki inayoitesa bahari vizazi na vizazi ife kabatini mwa makumbusho kabla mtunzaji wake hajastaafu? Nimeufuta mshangao huo kila nilipoukuta. Msomaji wa jarida hili anajua kwamba plastiki ikifa haitoweki. Inapasuka, inanata, inakuwa unga. Mvuvi na mhifadhi wanaulalamikia unga mmoja. Hilo tuliache, maana kuna jambo jingine linalonikera zaidi, na nafasi ya mhariri ni ndogo.

Linalonikera ni namna stoo zetu zinavyoandikwa. Fungua ripoti ya mtaalamu aliyepita Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam na vifaa vyake vya kupimia: joto la wastani wa nyuzi 26 kwa mwaka, unyevu wa hewa unaopanda juu ya asilimia 75, kisha hukumu kwamba mazingira hayafai kwa plastiki. Inafuata orodha ya viyoyozi ambavyo umeme wake hatuwezi kuulipia. Mtaalamu anaondoka, na vipimo anaondoka navyo. Kwa vipimo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hukumu. Stoo ya nyuzi 26 kweli haimfai anayetaka kitu kidumu karne moja, lakini inamfaa mno anayetaka kujua kitu hicho kitakufa vipi.

Wakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likiongezeka nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia hukaribia kuwa maradufu. Kiatu chenye soli ya poliurethani kilichokaa Mombasa miaka 20 kimekwisha kuyapitia ambayo pacha wake, aliyefungiwa kwenye stoo ya nyuzi 16 huko Ulaya ya kaskazini, atayapitia kwa miaka 40 hivi. Na hapo sijauhesabu unyevu, ambao ndio hasa unaoikatakata poliurethani ya esta. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na plastiki ya Pwani imeishi kuliko umri wake. Kwa kipimo hicho makusanyo yetu yametangulia, na Copenhagen watafika tulipo, polepole na kwa gharama kubwa.

Anayeona najipiga kifua aitazame historia ya filamu. Kodak ilipoleta filamu ya selulosi triasetati mwaka 1948, ilipokelewa kwa shangwe baada ya miongo ya nitrati iliyokuwa ikiunguza majumba ya sinema. Haikupita miaka kumi, taarifa ya kwanza ya filamu hiyo kuoza ikaifikia kampuni. Ilitoka kwa Serikali ya India, ambayo filamu zake zilihifadhiwa kwenye joto na unyevu. Zikafuata taarifa nyingine kutoka makusanyo yenye hali ya hewa kama hiyo, na tatizo likachukuliwa kuwa ni la nchi za joto. Ilipofika miaka ya 1980, harufu ya siki ilikuwa imezagaa kwenye maghala ya filamu ya nchi za baridi pia, na ndipo watafiti wa Manchester na Rochester walipolivalia njuga. Tangu hapo tunajua kwamba asidi inayotoka kwenye filamu inachochea filamu hiyohiyo kutoa asidi zaidi, na tunavyo vikaratasi vinavyobadilika kutoka bluu kwenda kijani hadi njano ili kutuonyesha imefika wapi. Taarifa ya India ilisomwa kama malalamiko. Ingesomwa kama utabiri, miongo mitatu isingepotea.

Kosa hilo linarudiwa leo kwa mtindo wa kisasa. Badala ya kusoma stoo zenye joto la kweli, utafiti umejitengenezea joto la kuigiza: kipande kipya cha plastiki kinawekwa kwenye oveni ya maabara, nyuzi 70 au 80, wiki kadhaa, kisha matokeo yanashushwa kwa hesabu hadi joto la kawaida. Njia hii imetufundisha mengi, na sitaki kuidharau kazi ya mradi wa POPART wa Umoja wa Ulaya, uliofanyika kati ya 2008 na 2012 na kutupatia lugha ya pamoja ya kuzungumzia plastiki za makumbusho. Lakini oveni nayo ina uongo wake. Ziko polima ambazo kwa nyuzi 70 zimekwisha kulegea na kuingia katika hali ambayo kwa nyuzi 26 haziifikii kamwe. Kilainishi kinachotoroka kwenye oveni kwa wiki moja kinaweza kukaa ndani ya kitu kwa miaka. Na sijaona oveni inayoiga masika, hewa ya chumvi, jasho la mkono wa karani na umeme unaokatika usiku wa manane.

Najua jibu la wenzangu wa maabara, na mmoja wao amelieleza vizuri katika makala ya pili: kitu kilichojizeekea chenyewe hakina historia inayojulikana, kwa hiyo hakiwezi kuwa ushahidi. Nakubali nusu. Historia haijulikani kwa sababu sisi wenyewe hatuiandiki. Katika rejista zetu nyingi, safu ya malighafi imeandikwa "plastiki", basi, kana kwamba karani wa hospitali kaandika "anaumwa" kwenye safu ya ugonjwa. Tarehe ya kupokea kitu ipo. Rafu kilipokaa haipo, mwaka kilipoanza kunata haupo, na kilipokwisha kubomoka kilitupwa kwa sababu kilikuwa kinachafua majirani zake. Ushahidi tulikuwa nao mkononi, tukaupeleka jalalani.

Nalishikilia jambo la rejista kwa sababu lina madhara leo hii. Tiba ya plastiki moja ni sumu ya nyingine. Selulosi asetati inataka hewa, au mkaa maalumu wa kufyonza mvuke wa asidi. Selulosi nitrati nayo haitakiwi kufungiwa na gesi zake, maana zikikutana na unyevu zinazaa asidi kali inayokula hata bawaba za chuma za sanduku. PVC laini inataka kinyume chake. Utafiti wa Yvonne Shashoua katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark umeonyesha kwamba mkaa ule unaharakisha upotevu wa kilainishi, na kwamba mfuko wa polithini, ambao wengi wetu tunaufunga kwa nia njema, unakinyonya pia. Chombo cha kioo kilichofungwa vizuri ndicho kinachokizuia. Hebu mwanasesere anayenata afike mezani pa mhifadhi ambaye rejista yake inasema "plastiki" tu: ana nafasi sawa ya kumponya na ya kumuua. Angalia pia gharama ya tiba hiyo ya PVC. Ni chupa ya kioo na kifuniko. Haihitaji kiyoyozi wala haiogopi mgao wa umeme, na bado sijaiona katika orodha ya mapendekezo hata moja niliyokabidhiwa.

Sasa yaliyomo. Makala ya kwanza inarejea kwa Naum Gabo, ambaye sanamu zake za plastiki za mwanzo zimepinda na kupasuka kiasi cha kuifanya Tate iitishe mjadala mwaka 2007 kuhusu kutengeneza nakala za sanamu zinazokufa. Imeandikwa kwa ustadi, ingawa nadhani Gabo ameshaliliwa vya kutosha. Makala ya vazi la Neil Armstrong inaeleza kazi iliyofanyika Smithsonian hadi vazi likarudishwa mbele ya watazamaji Julai 2019. Wasomaji wataona kwamba umma ulilichangia zaidi ya dola 700,000, na kila mmoja atapiga hesabu yake.

Makala ninayoipenda kuliko zote inahusu La Bouche du Roi ya Romuald Hazoumè, msanii wa Benin, iliyonunuliwa na British Museum mwaka 2007: vinyago zaidi ya 300 vilivyotokana na madumu ya petroli, vimepangwa kwa umbo la meli ya watumwa. Mwandishi anauliza swali ambalo Gabo hatuulizi. Dumu lililoungua kwa jua, likakwaruzwa na kubebeshwa mafuta hadi likavimba, limezeeka kabla ya kuwa sanaa. Je, mhifadhi anazuia uzee upi? Jibu lake ni kwamba uchafu na makovu hayaguswi, ila nyufa mpya zinahesabiwa. Kuhesabu nyufa mpya, bila shaka, kunadai uwe umezihesabu za zamani. Nimemshukuru kwa kunisaidia bila kukusudia.

Mjadala kuhusu Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa taka za plastiki na kushushwa baharini Lamu mwaka 2018, unawagawa waandishi wawili: mmoja anataka kitengewe nafasi makumbusho tangu sasa, mwingine anasema kiachwe kisafiri hadi kichoke. Niko na wa pili, kwa sharti kwamba kila safari kipimwe.

Kuna pengo ambalo hakuna aliyeniletea makala yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Atakayetaka kuonyesha Kariakoo au Kongowea ya miaka ya 2000 atauhitaji mfuko wa rambo, ule mwembamba uliobeba nyanya, mkate na madaftari ya shule. Polithini ya mfuko ule, tena nyembamba namna ile, haistahimili mwanga. Makumbusho yanayosubiri kitu kipate heshima ndipo yakikusanye, mfuko huu yataukuta umekwisha kuwa chenga.

Nimalize kwa uamuzi, kwa kuwa malalamiko peke yake hayana faida. Kuanzia toleo lijalo tunafungua safu ya tanzia za vitu. Mtunzaji yeyote, wa makumbusho ya taifa au wa chumba kimoja cha shule, atuandikie kuhusu kitu cha plastiki kilichomfia: ni kitu gani, ni plastiki ya aina gani kama imepimwa, kilipokelewa lini, kilikaa rafu gani na chumba gani, kilianza kubadilika lini na kwa dalili ipi, kilikuwa jirani na nini. Mabaki yasitupwe. Yawekwe kwenye chupa ya kioo, yaandikwe namba, yasubiri siku watafiti watakapokuja kuyapima, na wakija, vipimo vibaki hapa pamoja na mabaki. Picha ikikosekana tutachapisha bila picha. Tanzia isiyo na tarehe tutairudisha kwa mwenyewe.