Sindano ya ganzi isiwe adhabu
Wagonjwa wengi huogopa sindano ya ganzi kuliko kushonwa kidonda kwenyewe, na wana haki. Dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, hasa iliyotiwa adrenalini, ina asidi, ndiyo maana inachoma ikiingia. Lakini sehemu kubwa ya maumivu hayo huletwa na haraka ya mkono. Daktari akichukua sindano nyembamba, namba 27 au 30, akapitia ndani ya kingo za kidonda badala ya kutoboa ngozi nzima, akatoa dawa kidogo, akangoja, kisha akaendelea taratibu, hata mtoto hashtuki sana. Dawa ikipashwa hadi joto la mwili, afadhali zaidi. Na ikichanganywa na sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, mililita 1 kwa mililita 10 za lidokeini, ule mwako hupungua waziwazi. Hakuna mashine ya bei mbaya hapo. Kinachonikera ni mgonjwa kuambiwa "vumilia, ni kidogo tu" huku bomba likisukumwa kwa nguvu. Wahudumu wetu, tafadhali punguzeni kasi. Nawe uliyelala kitandani, usione haya kumwomba daktari asukume polepole.