Hatari Isiyouma



Aprili 15, 1875, Wafaransa watatu walipaa kutoka Paris katika kikapu kilichoning'inia chini ya puto kubwa la gesi lililoitwa Zénith. Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel hawakuwa wendawazimu. Walikwenda kuchunguza anga, na walijua kwamba huko juu hewa haitoshi pumzi ya mtu. Ndiyo maana walibeba mifuko ya oksijeni, wakaitundika karibu kabisa na vichwa vyao.

Walipokuwa juu kuliko kilele cha Kibo, walikata mifuko ya mchanga ili wapande zaidi. Tissandier alitaka kuvuta oksijeni, mkono ukakataa kuinuka. Akazirai. Puto lilipita mita 8,000. Alipozinduka na kuwaita wenzake, wote wawili walikuwa wamekufa.

Kinachonishtua si kifo chenyewe. Tissandier alieleza baadaye kwamba kule juu hakusikia maumivu. Alijawa na furaha, hakuwaza hatari, alitaka tu kuendelea kupanda. Ubongo uliopaswa kutoa onyo ndio uliolegea kwanza.

Sasa mfikirie baba anayemaliza mshahara kwa kubeti, au mwanakwaya ambaye hajasema na dada yake tangu mazishi ya mama yao. Ukiwauliza watakuambia, "Padri, mimi nina amani." Siwaiti waongo. Amani wanayo kweli, na hiyo ndiyo inayonitia hofu. Mwanzoni dhamiri iliwachoma, leo imenyamaza. Tunapenda kusema kila mtu ajichunguze mwenyewe. Vizuri, lakini atajichunguzaje kwa kipimo kilichokwisha kuharibika?

Miaka 13 kabla ya Zénith, Septemba 5, 1862, Waingereza wawili walipaa kutoka Wolverhampton: James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa mwenye miaka 53 (umri ambao wengi wetu tunahema kwenye ngazi za mnara wa kanisa), na rubani wake, Henry Coxwell. Zaidi ya mita 8,000 juu, Glaisher alizimia. Kamba ya kufungulia gesi ilikuwa imenasa. Coxwell alipanda kwenye pete iliyo juu ya kikapu kuinasua, mikono ikafa ganzi kwa baridi na kuwa myeusi. Basi akaishika kamba kwa meno, akaivuta, puto likaanza kushuka.

Katika Mathayo 18, Bwana anatuagiza tumwendee ndugu aliyekosa, tuseme naye peke yake kwanza. Sisi hatua hiyo tunairuka. Tunaanza na watu wa tatu nje ya kanisa baada ya Misa, au tunamchoma kwa mafumbo katika maombi ya jumuiya, naye anaitikia "Utusikie" kama wengine. Tukiulizwa, tunajibu: mimi ni nani hata nimhukumu? Kuvuta kamba si kuhukumu. Mpigie simu, nenda kwake jioni, bila mashahidi.

Atachukia? Huenda. Mengi yanategemea namna utakavyoingia. Glaisher alipozinduka alisema kwamba alikuwa amepoteza fahamu. Coxwell akakubali, kisha akaongeza kwamba hata yeye alikuwa amebakiza kidogo tu.