Kwa Jamaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, Juu ya Kufungua na Kufunga

Leicester, Uingereza
Agosti 2020

Wazee wangu na ndugu zangu,

Kwa kuwa mwanitaka shauri katika ikhtilafu iliyozuka barazani, ya kuwa mambo yaliyofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona yafunguliwe yote kwa mara moja au kidogo kidogo, naona ni wajibu wangu kuwahadithia yaliyotufika huku, ili nanyi muyapime.

Tarehe 29 Juni Serikali ilitangaza kuwa mji wetu urudi kufungwa, hata tarehe 4 Julai, mikahawa ilipofungua milango kwingineko, yetu ilisalia kufungwa. Wengi walitushutumu kuwa hatutii amri. Nami nasema shutuma ile haikuwa na insafu, maana mtu wa ujira mdogo, akiambiwa ajitenge kwa posho ya ugonjwa ya pauni 95.85 kwa juma, na mwenye kuchuma chini ya pauni 120 asistahiki hata hizo, ilhali kodi ya nyumba haina subira, hana hila ila kukificha kikohozi chake na kwenda kazini.

Kisha usiku wa tarehe 30 Julai, watu wakiwa katika matayarisho ya Idi, ilitangazwa kuwa wakazi wa Manchester na miji ya jirani wasitembeleane majumbani, na amri ianze saa sita ya usiku uo huo. Siikanushi haja ya amri, kwani maradhi yalikuwa yakizidi. Lakini kuwafikishia waja habari kama hiyo saa chache kabla ya Idi ni kuipoteza imani yao, na bila ya imani hiyo hakuna askari awezaye kulinda kila mlango. Nanyi mwayajua haya, mliofungiwa mwezi wa Mei katikati ya Ramadhani.

Sasa huko kwenu misikiti imefunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda usiozidi saa moja, na wazee waliopita miaka 58 wamezuiliwa. Najua uchungu wa mzee kukosa safu aliyoizoea tangu ujana wake, na hata hivyo nawasihi msubiri, kwa kuwa maradhi haya aghalabu huwaua wao. Hoja ya kuwapelekea wakuu wa kaunti, kwa rai yangu, si siku ya kufungua, bali ni hii: baba mwenye kuchukua mizigo bandarini akiambiwa akae ndani siku 14, ni nani atakayewalisha watoto wake? Lipatieni swali hilo jibu lililoandikwa, kabla hamjagombania tarehe.

Wasalaam,
Mwanenu wa Leicester