MUMIANI NA MACHO YETU

Wanachama wenzetu, huku Sofu neno "mumiani" halijasahaulika. Asili yake ni dawa nyeusi mfano wa ulimbo, iliyoletwa pwani kwa biashara; baadaye ikadhaniwa kuwa imetengenezwa kwa damu ya watu. Kati ya miaka ya 1920 na 1950, katika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wengi walisadiki kuwa wazimamoto wa Serikali ndio wanyonya damu.

Twapenda kuwacheka. Lakini waliyoyaona kwa macho yalikuwa ya kweli: gari la kelele, watu wenye mavazi ya namna moja, safari za usiku, tena waganga waliotoa watu damu kwa sindano bila kueleza sababu. Palipokosa maelezo, hofu ilijaza.

Na karani je? Humwona mtu akiikimbia sindano, akaandika "mjinga", kisha akayasadiki maandiko yake mwenyewe kwa kuwa yamo katika faili. Faili nalo lina giza lake. Twaomba kila akaaye dirishani, kabla ya kupiga muhuri, amwulize mtu huyo ameona nini, na angojee jibu, hata safu ikinung'unika.