Jinai imeondolewa, sasa nani atamsikiliza mwenye mawazo?

Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo mtu huyo aliweza kufungwa hadi miaka 2. Kwetu Waislamu kujiua ni haramu, na uamuzi ule haukugeuza haramu kuwa halali. Lakini umetuachia swali zito: kijana kama huyo akitolewa hospitali badala ya kupelekwa rumande, nani atakaa naye amsikilize?

Sheria ipo. Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili. Ni jambo jema, maana maradhi ya nafsi si ya kuchezewa na kila mtu. Tatizo ni kwamba mafunzo ya kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza: vitabu, mihadhara, mitihani. Hata yale maswali 9 yanayotumika sana kupima huzuni yalitungwa kwanza kwa Kiingereza. Mwanafunzi akihitimu, anaketi na mama wa Majengo au wa Lamu anayemwambia, "Roho yanibana, sina raha, nina mawazo." Sioni kitabu chake kikimfunza ajibu nini.

Zimbabwe walilipa jambo hili uzito. Daktari Dixon Chibanda alianzisha mabenchi ya urafiki mjini Harare mwaka 2006, akiwatumia mabibi wa mitaani waliofunzwa. Neno lao ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ndiyo "mawazo" yetu hasa. Maswali yao 14 pia ni ya Kishona. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa bure mwongozo uitwao PM+. Ni vikao 5 tu: kutuliza mwili kwa kupumua, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kurudi kwenye shughuli na kutafuta watu wa kukushika mkono. Asiye mtaalamu aweza kufunzwa kuuendesha. Ulijaribiwa Nairobi katika utafiti wa wanawake 421, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii, na ukasaidia.

Wahudumu hao tunao mitaani kwetu, na tayari wanapima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Naziomba kaunti zetu za Pwani mambo matatu. Kwanza, mwongozo huo ufundishwe kwa Kiswahili chetu, na kwa Kimijikenda na Kipokomo panapohitajika. Pili, kila kundi la wahudumu liwe na mshauri aliyesajiliwa wa kuwasimamia na kupokea wagonjwa wanaowashinda. Wahudumu si badala ya wataalamu. Tatu, maimamu na walimu wa madrasa waalikwe kwenye mafunzo, kwani wengi wetu huanzia kwao. Ruqya haimzuii mtu kuzungumza na mshauri.

Na wanaosema ushauri nasaha ni mambo ya Wazungu, wajue kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na sheria inazitaka kaunti zisikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Kikao kikiitishwa wadi kwenu, ndugu zangu, nendeni mukaulize: mwaka huu mumetenga shilingi ngapi za kuwafunza wasikilizaji, na watafunzwa kwa lugha gani?